Risasi za Bunduki ya Urbanus

Pickering, Ontario
6 Novemba 2011

Baba yangu mpendwa, Mzee Bonaventure,

Shikamoo Baba, na Mama nampa shikamoo yake. Goti lako linaendeleaje? Nasikia umeanza kutumia fimbo, na kwamba siku za kwenda kanisani unaiacha nyumbani ili watu wasikuone nayo. Itumie tu, Baba. Mtu aliyekuwa Bwana Nyama akazunguka pori lote la Rungwa kwa miguu hana cha kuficha. Na Mama, presha imetulia? Ameacha chumvi kweli, au anawadanganya manesi kama alivyomdanganya daktari wa Itigi? Sisi huku hatujambo, kama kutojambo ni kula na kulala. Wema sasa ananipita urefu. Ukimsemesha kwa simu anakuelewa kila neno, ila anajibu Kiingereza, usimwone ana dharau. Watoto wa huku ndivyo walivyo.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu, nasema kwa heshima, huwa unaniambia haya, nimesikia, kabla sijafika katikati. Tafadhali vaa miwani, kaa, usome mpaka mwisho.

Mwezi wa tatu ulinipigia ukaniagiza nimwombe mdogo wangu Sebastian msamaha mbele za watu kwa ajili ya jicho lake, na kwamba nikikataa nisikuite tena baba. Nilitii. Kwa kuwa nimekwisha kutii, naona nina haki ya kukueleza niliomba msamaha wa nini.

Unajua mkwe wako Urbanus alinunua bunduki kubwa ya magnamu ili awinde muusi, mnyama wa kaskazini huku, mwili wake kama wa pofu na pembe pana kama sinia. Mwaka wa kwanza alimjeruhi mmoja, wakamfuata kutwa nzima kwenye matope, wakampoteza. Wewe unaijua aibu hiyo kuliko mimi. Tatizo lilikuwa risasi za dukani, bunduki ile haikuzipenda kabisa. Ukilenga karatasi, tundu moja huku, jingine kule. Ndipo Mzee Hyderali, Mhindi wa Arusha anayekaa Mississauga, ambaye Kiswahili chake kinawashinda wanangu, akamshauri ajaze risasi mwenyewe. Akatuletea mashine yake ya zamani na mizani, akaziweka kwenye chumba chetu cha chini, akaanza kumfundisha.

Baba, mkwe wako hana subira. Anapima baruti huku anatazama mpira. Mzee Hyderali alimwinua kitini kwa adabu, akaniambia nikae mimi. Pale hospitalini kazi yangu ni kupima dawa za sindano, kwa hiyo mkono wangu umezoea vitu vidogo. Nakwambia ukweli, sikukaa kwa kupenda bunduki. Nilikaa kwa kuogopa kwamba atatulipua na nyumba yetu. Lakini kazi ile ikaniingia. Unaokota maganda yaliyopigwa na bunduki ileile, unayasafisha, unatia fataki mpya, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, unaongeza baruti kidogo kidogo, halafu unakwenda kiwanjani kupiga na kutazama. Kila ganda linalotoka unalikagua kitakoni, kama fataki imekandamizwa kupita kiasi unapunguza baruti. Unabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, vinginevyo hujui kilichokusaidia wala kilichokuharibia. Nimekaa kwenye baridi ambayo ukitema mate unadhani yataanguka jiwe. Urbanus alikuwa ananisubiri ndani ya gari, hita imewashwa.

Mwishowe nikaipata. Matundu matatu yakashikana, ungeyafunika kwa shilingi mia. Nilicheka peke yangu pale kiwanjani, watu wakanitazama. Kaka zangu uliwafundisha kulenga, mimi ukanituma kuokota maganda. Siku ile nilitamani sana ungekuwepo uone ninachoweza kufanya na ganda.

Ngoja nikueleze siri ya risasi zile, maana kila kitu kimetokana nayo. Bunduki ya Urbanus ina koo refu, yaani ile nafasi ya mtutu iliyo mbele tu ya chemba, pale ganda linapokaa. Kwa hiyo kichwa cha risasi nilikiacha kitokeze nje ya ganda zaidi ya kawaida, kisogee karibu na mifereji ya mtutu. Ndicho kilichoituliza bunduki ile. Ila ukiiweka risasi hiyo kwenye bunduki yenye koo fupi, hata kama ina jina lilelile la magnamu, kichwa kinakwama mbele, moshi unakosa pa kwenda, na unarudi usoni kwako. Mzee Hyderali alitueleza hivyo sote wawili, nikabandika karatasi kwenye boksi kwa herufi kubwa: bunduki ya Urbanus tu.

Urbanus akaenda nazo porini, akamwangusha muusi kwa risasi moja. Tukaalika watu, nusu ya Watanzania wa Pickering na Scarborough walikuwa sebuleni kwangu wakila. Wakamwita fundi. Wakamwuliza amewezaje, akasema ni subira tu jamani. Mimi nilikuwa nazunguka na bakuli la nyama. Nilimtazama, naye akatazama bakuli. Hata kwako alipiga simu kujisifu, ukaniambia nimepata mume. Nikanyamaza, nikijidanganya kwamba sifa ikiingia ndani ya nyumba ni yetu sote.

Sebastian naye akanunua magnamu yake, akaja kuniomba risasi. Nilimkatalia. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, nikamwambia aniletee bunduki yake nimtafutie za kwake tangu mwanzo, kazi ya miezi. Hakutaka kusubiri, msimu ulikuwa umekaribia. Akaondoka amenuna, na siku chache baadaye simu yako ikaingia. Unakumbuka ulichosema? Kwamba nyinyi porini mlikuwa mkigawana risasi na hata maji ya mwisho, na kwamba mwanamke anayemnyima mdogo wake risasi kesho atamnyima ugali. Uchoyo huo nimeutoa wapi. Nilijaribu kueleza kwamba zenu zilikuwa za kiwandani, zimetengenezwa ziingie bunduki yoyote. Ukasema haya, nimesikia.

Basi Urbanus, ambaye neno lako kwake ni kama la askofu, alichukua ufunguo kwenye mkoba wangu nikiwa kazini, akafungua kabati ninalofungia risasi. Boksi lenye karatasi aliliacha, risasi akazimimina kwenye mfuko wa nailoni, akampa shemeji yake kwa moyo mkunjufu kama mtu anayegawa karanga. Wakaenda kaskazini. Huko, Sebastian alipotaka kufunga komeo la bunduki, likagoma. Urbanus akamwambia asukume tu, ni risasi mpya hizo. Akasukuma kwa kiganja, akapiga. Mambo hayo sikuyaota. Sebastian mwenyewe alinisimulia hospitalini, uso umefungwa bandeji, amenishika mkono, analia kwa jicho lililobaki.

Alipotoka pale hakuyarudia tena mbele ya mtu mwingine. Urbanus aliwaambia watu kwamba kusema kweli anayejaza risasi ni mkewe, na kwamba alijuta kumwachia mwanamke kazi ya namna ile. Baba, msimu mzima wa sifa risasi zilikuwa zake, zikawa zangu siku zilipomtoa mtu jicho. Nilimtazama Sebastian nikisubiri aseme neno. Urbanus ndiye aliyemtafutia kazi kwenye mizigo kule Malton, na wanakwenda zamu kwa gari moja. Labda ni hilo. Labda ni aibu ya kusema alionywa na dada yake akapuuza. Akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikokufikia wewe kama ushahidi.

Nilipiga magoti baada ya Misa ya Kiswahili, jumuiya nzima imekaa. Nilisema, mdogo wangu, nisamehe kwa uzembe wangu. Kina mama walitoa machozi. Sebastian akasema amenisamehe, hakuniangalia. Urbanus akaja akaniinua kwa mkono polepole, mume mwema anayemstahimili mkewe. Hapo ndipo nilipomchukia. Ninaliandika hili wazi ili usije ukasema hukuambiwa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa tisa mwaka huu Sebastian alikuja nyumbani na bunduki mpya, anajifunza kulenga kwa bega la kushoto. Alikuwa na maganda matupu kwenye mfuko, ameyaosha vizuri. Akaniomba nimjazie. Akasema safari hii atasubiri, nipime koo la bunduki yake, nifanye kila kitu ninavyotaka, maana za dukani haziaminiki na hakuna mwingine anayemwamini. Urbanus alikuwa amesimama nyuma yake akisema na yeye zake zimekwisha.

Wewe umeshika bunduki maisha yako yote, Baba. Mtu anayeamini kwamba risasi za fulani zilimtoa jicho, atamletea maganda amjazie nyingine, aje azipigie kwenye shavu lenye jicho lililobaki? Wanajua. Wamejua siku zote, hata siku niliyokuwa nimepiga magoti walikuwa wanajua, nao wakaniacha pale sakafuni.

Nikawaambia nitajaza. Nitakaa majira yote ya baridi kama watataka, sitaki shukrani wala nyama. Ila kwanza Sebastian akupigie simu, nikiwa nimekaa hapo nasikia, akueleze nani alifungua kabati langu na nani alisukuma komeo. Urbanus akasema nataka kuwadhalilisha wanaume kwa jambo lililokwisha kusamehewa. Sebastian akasema atapiga kesho. Kila nilipomkumbusha ilikuwa kesho. Msimu ukafunguliwa, nikawaona wanapakia gari, nikamwuliza kwa mara ya mwisho. Akanijibu kwamba wamenunua risasi za dukani.

Kama simu yake ilikufikia, chana barua hii. Najua haikukufikia.

Sikuombi umgombeze, ana adhabu ya kutosha usoni. Wala sikuombi uongee na Urbanus, hayo ya ndani nitayamaliza mwenyewe nikijua pa kuanzia. Amri yako ya mwezi wa tatu uliitoa mbele ya ukoo mzima, simu imewekwa mezani kila mtu anasikia. Ukishasoma haya, utaamua mwenyewe neno la sasa utalitolea wapi.

Nimetuma dawa za Mama kwa mkono wa Chelagat, binti tunayefanya naye kazi, anakuja Nairobi kwao na atazipitisha kwa basi la Singida. Wasalimie Baba Mdogo na watoto wote, na jirani zetu wa mlango wa nyuma. Mwambie Mama nimemkumbuka sana, na kwamba haya asiyasome peke yake.

Ni mimi binti yako, ikiwa bado unaniita hivyo,

Philomena