Betri Mpya, Mama Ndani

Mwenzangu, pokea simu!!

Lile gari letu la kulala limetufia barabarani, pale tulipopata pancha mwaka jana. Niko na mama.

Si nilitoa zile betri nzito za zamani nikaweka za lithiamu? Fundi aliniambia, "Dada, usiziunge moja kwa moja na alteneta ya injini inayozichaji, zinavuta umeme kwa pupa, zitaiunguza." Nikajitia najua.

Mama akasema, "Mwanangu, kuna kitu kinaungua." Nikamwambia ni harufu ya lami. Ya lami!! Akarudia, "Kinaungua." Mara moshi, injini ikazimika. Alteneta imekwisha.

Betri zenyewe nzima, lakini chaji inaisha na hakuna cha kuzichaji. Na mashine ya mama ya oksijeni inategemea hizo hizo!

Ambulensi wanasema nisubiri. Nikatoka kusimamisha magari, hakuna aliyesimama. Kurudi ndani, mashine kimya. Ameizima mwenyewe! Midomo imeshabadilika rangi.

"Nabania umeme," anasema, "mpaka rafiki yako afike."

Nimeiwasha. Nimemshika mkono asiizime tena.

Nilishamwambia uko njiani. Nakuomba, usinifanye mwongo.