Nilivyochoma Ghala la Mama Mkwe

Alhamisi, Manundu, Korogwe.

Tangu asubuhi mawingu yanatutania. Yanakusanyika juu ya milima, yanatisha kidogo, kisha yanatawanyika bila tone. Joto la karakanani halisemeki. Nimechomelea geti moja tu, tena limepinda, nikafunga mapema na kurudi nyumbani. Moyo umenijaa na ninautembeza taratibu usimwagike.

Wanaopita hapa bloguni mara kwa mara wanajua kwamba mke wangu Zainabu yuko kwao Handeni. Alikwenda tumbo lilipokuwa kubwa, maana kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mama. Asha akazaliwa salama. Arobaini ikaisha. Nikapaka chokaa chumbani, nikaunda kitanda kidogo cha chuma chenye vizuizi pembeni, nikasubiri. Kila nikipiga simu naambiwa mama anasema mtoto bado hajakaza shingo.

Na mimi siwezi kumuuliza mama.

Asiye na mkwe wa Kizigua atashangaa. Mama mkwe wangu sijawahi kumtazama usoni sawasawa. Nikifika kwake nachuchumaa uani, namwamkia, naye anaitikia akiwa ndani, nyuma ya pazia. Tukikutana njiani mmoja wetu anaacha njia. Chakula chake nimekila mara nyingi, ila hajawahi kuniona nikitafuna. Sasa mtu wa namna hiyo utaanzaje kumwambia akurudishie mke?

Upweke ndio ulionitia kwenye simu. Nina lile gemu la kutawala ufalme. Unajenga ngome, unalima, unafundisha askari, na ukichoka kulima unavamia jirani. Mimi ni mtu mpole, hata kuku nachinjiwa. Humo ndani najiita Simba wa Chuma, na majirani wananikoma.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na ngome inayoitwa Mnavu. Ghala limejaa, askari wa kuhesabika, ngao hakuna. Nikajua mwenyewe aliacha gemu zamani. Wiki mbili zilizopita, nikisubiri chai ichemke, nikaivamia, nikabeba nafaka yote, na ghala nikalitia moto kwa raha zangu.

Mchana wake Zainabu akapiga. "Baba Asha, huku kuna msiba. Mama hajagusa ugali. Kuna mhuni anajiita Simba wa Chuma kamchomea ghala lake."

Nikamuuliza ghala gani.

Kumbe simu yake ya zamani Zainabu alimwachia mama yake, na ngome aliyoifungua kwa mwaliko wangu tulipokuwa wachumba ilikuwa bado imo. Mama akaikuta, akaibadilisha jina, akawa anaitunza huku amempakata mjukuu. Nilipokiri, Zainabu alicheka mpaka mtoto akaamka. Halafu akashusha sauti, akasema mkwe akikosewa hatulizwi kwa maneno matupu, lazima kitu kitangulie.

Basi nikatanguliza. Nikarudisha nafaka yake na yangu nikaongezea. Nikatuma mbao na mawe ya kujengea ghala, na askari wangu wazuri wakasimame getini kwake. Vilipofika nikaandika humo humo kwenye gemu: Shikamoo mama. Ni mimi, baba Asha. Mimi nashinda na moto kutwa, lakini hapo viganja vilinitoka jasho.

Jibu likaja: "Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nilikwenda kunawa uso. Tangu nioe, hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza bila pazia.

Toka siku hiyo kila jioni tunaandikiana. Ananiuliza kama mvua imefika Korogwe, ananieleza Asha amepiga chafya mara ngapi. Na utani anao, sikujua. Niliposema Simba wa Chuma ametubu, alijibu kwamba huko kwao simba hali mahindi, kwa hiyo aliyemvamia bila shaka alikuwa ngedere. Nilicheka peke yangu jikoni. Nikawa namfahamu mtu ambaye nimekuwa mwanawe muda wote huu bila kumjua.

Ndiyo maana Jumatatu nilijipa moyo. Nikaandika: Mama, watu wangu watarudi lini? Kabla sijatuma, ukaingia ujumbe wake: "Huyu mtoto akiondoka nitabaki na kuku."

Baba mkwe alifariki kabla sijaoa. Zainabu ndiye kitindamimba. Nilikitazama kile kitanda kitupu, nikaitazama simu. Namtaka mke wangu. Namtaka mwanangu ambaye nimembeba mara moja tu, naye amelala. Lakini nilifuta swali langu, nikaandika: Mama, wakae tu, mpaka utakapoona wewe.

Nakiri iliniuma. Nilikula kiporo nikajinunia mwenyewe.

Jumanne hakujibu. Jana hakujibu. Nikaanza kudhani nimevunja adabu, kwamba nimeonekana mwanamume asiyejali familia yake.

Leo mchana, miwani ya kuchomelea ikiwa kichwani, simu ikalia. Nikasoma nimesimama: "Jumapili njoo uwachukue watu wako. Mtoto shingo alishakaza siku nyingi. Aliyekuwa bado ni mimi."

Lile geti lililopinda ndilo nililokuwa nalichomelea wakati huo. Mwenye geti atanisamehe, nitalirudia kesho.

Nimefika nyumbani nikafungua gemu nimshukuru. Ng'ambo ya mto, Mnavu haipo. Nikashtuka, nikadhani ameifuta baada ya kunijibu. Nikaitafuta ramani nzima, kumbe nilikuwa natafuta mbali. Ameihamisha ngome yake yote, ghala na askari na mashamba, ameiweka kando ya yangu. Ukuta wake umegusa ukuta wangu.

Hapa nyumbani mama mkwe hawezi kuja kukaa, mila haimruhusu, naye si mtu wa kuivunja. Nami nisingethubutu kumwomba. Kwa hiyo ametafuta mahali pekee duniani anapoweza kuwa jirani wa mjukuu wake, akahamia.

Jumapili nitapanda basi la kwanza. Nitachuchumaa uani nimwamkie, naye ataitikia akiwa ndani. Hatutatazamana. Nitawachukua watu wangu tuondoke, na jioni, kabla sijavua viatu, nitamwandikia nimuulize kama amekula.