Damu Safi ya Dada Yangu

Mjukuu wangu Achieng',

Habari za Kisumu? Huku mtaani Soweto West tuko salama, na mamako amepata kazi mtaa wa jirani, Olympic.

Unauliza kwa nini damu yako ina mafuta mengi na rafiki yako, mnene kukushinda, yuko sawa. Mimi na dadangu Atieno wa Kawangware tulikuwa wanene kupindukia. Tulipimwa damu pamoja. Yake ilikuwa safi, yangu imejaa mafuta.

"Lakini yeye ndiye mnene kunishinda!" nikamlalamikia daktari.

"Mama, mafuta ya mwili si mzigo tu, yanatoa homoni. Kuna moja inayosaidia kupunguza mafuta kwa damu. Kwa wanene sana mara nyingi hushuka, lakini si kwa wote. Labda dadako bado anayo ya kutosha."

Wivu ulinikaba, nikaacha kushika simu zake. Asubuhi moja akafika mlangoni kwa miguu, akihema.

"Twende tutembee."

"Kwani wewe una shida gani?"

"Shida yangu ni wewe. Sitaki kukuzika."

Sasa nameza dawa, na mafuta yamepungua. Wivu bado ninao, Achieng', lakini kila asubuhi natembea nao, na Atieno yuko kando yangu.

Ni mimi dani, nyanya yako.