Maji ya Mabati Yangu

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Nyamasaria hatujambo, na babu yako bado anabishana na redio. Umeuliza ufanyeje na maji ya paa yanayokula msingi wa nyumba yako.

Miaka ya sabini, nilipoolewa, nyumba yetu ndiyo ilikuwa ya kwanza bomani kuezekwa mabati. Mvua ilipochimba ukutani, nilichimba mtaro, nikayafukuza maji yaende kokote. Asubuhi mama mkwe akaja na kikapu cha mboga zilizojaa matope.

“Maji yako yamenivunia shamba lote,” akasema. “Haya, pika.”

Niliziosha, nikazipika. Kesho yake tulichimba pamoja shimo pana mwisho wa mtaro, tukapanda migomba iyanywe maji hayo.

Ndizi ulizokuwa ukiniibia utotoni zilitoka pale.

Nyanya yako