Kitabu Kilichobaki Chini ya Mto wa Bibi Yusta

Chanika, Handeni
12 Aprili 2025

Mpendwa dada Grasiana, mwenzangu katika mapambano,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Beirut ukiwa mzima, mgongo umepata nafuu, na waajiri wako wanakupa siku yako ya mapumziko. Sisi huku tunapumua. Zaidi ya hapo siwezi kusema.

Tumemzika babu Kasmiri, kaka yake bibi Yusta, kule Magoma. Mvua ililijaza kaburi, ikabidi tuchote maji kwa ndoo. Kama ilivyo desturi ya ukoo wetu kwa kila mtoto wa yule Mwarmenia, aliwekewa kichwani, ndani ya jeneza, kitabu kimoja cha baba yake.

Nilisimama nikapinga. Nilisema kwamba baba yao huyo, fundi mitambo wa shamba la mkonge, aliponyoka mauaji ya watu wake akiwa amebeba vitabu vya sala badala ya nguo. Waliotaka kuifuta lugha ya vitabu vile walishindwa, na sisi vizazi vyake tunawamalizia kazi kwa jembe. Shangazi Edna akanikatiza: "Mwanachuo, kaa chini. Hata hicho unachokililia huwezi kukisoma." Watu wakacheka msibani, dada. Nikakaa, maana ni kweli.

Sasa kimebaki kimoja tu, cha bibi, mtoto wa mwisho. Maktaba ya chuo kikuu imekubali kukipokea, kukikinga na mchwa na unyevu, na kumfungulia yeyote atakayekuja kuuliza sisi ni nani. Lakini bibi hainuki tena kitandani, na watu wameanza kuulizia mbao za jeneza huko Vugiri kwa sauti ya chini.

Nilikwenda kumshawishi kwa hoja zangu zote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Yordani, mimi sikufanana na baba. Aliniambia watu wake waliotangulia watanijua kwa kitabu hiki. Nikifika mikono mitupu, nitajieleza vipi?"

Nimehutubia mikutano mingi. Pale nilimwekea sawa mto tu, kitabu kikiwa chini yake. Akaongeza: "Basi nisomewe. Nikiyasikia maneno, nitakwenda nayo. Karatasi mchukue."

Hapa hakuna awezaye kumsomea. Huko uliko, uliwahi kuniambia, kuna mtaa wa Waarmenia na kanisa lao. Nimeambatanisha picha ya ukurasa uliochakaa kuliko yote kwa vidole vya baba yake. Mwombe mzee yeyote ausome, umrekodi, unitumie sauti yake.

Shangazi Edna anakusalimu, pamoja na kaka Jacob na mwanawe Yasinta. Mungu akulinde katika nyumba ya watu, na siku ya mapumziko mlango usifungwe.

Ukoo unakutana Jumatatu ya Pasaka, saa nane mchana, nyumbani kwa bibi, kukata shauri. Sauti ikifika kabla ya hapo, itasikika kando ya kitanda chake. Isipofika, siku yake ikija kitabu kitashuka naye kaburini, na hakuna hotuba yangu itakayokizuia.

Mdogo wako, nikupendaye bila kuchoka,
Yordani