Boksi Dogo kwa Somo Yangu

Qurum, Maskati

Mdogo wangu Asha,

Assalaam alaykum, wewe na wote waliomo nyumbani. Nakuuliza hali yako kabla sijakwambia yangu, maana ukishaisikia yangu utasahau kunijibu. Goti lako vipi? Mvua za vuli zilikutosheni, au zimekupiteni tena? Na konde ya nyuma ya nyumba, ile ya marehemu mama, bado ina majimbi, au imebaki majani matupu? Nijibu moja moja, usinipe lile jibu lako la "sote wazima".

Mimi nipo. Siku za mashine mwanangu Nassor hunipeleka spitali asubuhi, wakanisafisha damu, maana sukari imeshaniua mafigo, nikarudi kama kitambaa kilichokamuliwa. Siku zisizo za mashine nalala. Madaktari wa hapa wana adabu, hawatamki kifo. Husema, "Bibi, tutaangalia." Nimefanya kazi na madaktari umri wangu wote, nayajua macho yao. Basi nnaandika leo, mkono ungali unanitii. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu utalia, nami nitalia, na tutaagana bila ya kusemezana. Haya nnayotaka kuyasema nataka yabaki kwenye karatasi, uweze kumsomea mtu.

Siku ile uliponipigia ukanambia mjukuu wako Zuhura amepimwa, na sukari imeonekana, naye bado mtoto hata hajavunja ungo, nilisema, "Alhamdulillahi, wamegundua mapema," nikakata simu upesi. Ulidhani nimechoka. Sikuchoka, Asha. Niliona haya. Mtoto yule ni somo yangu, mlimpa jina langu kwa mapenzi. Jina nimempa, sikukusudia kumpa na maradhi.

Unajua kazi niliyoifanya huku mpaka nikastaafu. Nikitumwa kwenye skuli kuzungumza na wazazi juu ya lishe ya watoto. Nikisimama mbele ya wanawake na picha za soda na biskuti, nikawaambia: haya si chakula cha mtoto, mpeni samaki, mpeni dengu, mpeni tende na mboga za majani, mwacheni acheze mpaka atoke jasho. Wakinisikiliza, kwa kuwa nilijua kusema. Kisha jioni ile ile nikitoka kazini hupita dukani kujaza boksi la Pemba. Maziwa matamu ya kopo, sharubati ya unga, biskuti za krimu, chokoleti, tambi za pakiti. Watoto wa Maskati nikiwakataza, wa kwetu nikiwaletea. Nilikuwa najua. Hilo ndilo nnalotaka ulisikie. Mwengine anaweza kusema hakujua, mie siwezi.

Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia, ingawa si udhuru. Nilipopelekwa skuli Chake Chake nilikuwa nabeba makopa kwenye kikapu, na watoto wa mjini wakiziba pua nikipita. Muhogo mkavu ule ndio uliotulea, lakini mie nikauchukia kama kwamba ndio ulionitukana. Nikaja huku, nikaolewa, nikasoma, nikapata, nikasema hakuna mtoto wa kwetu atakayezibiwa pua tena. Na wewe unaijua desturi ya huko. Boksi la Omani halifunguliwi ndani, hufunguliwa barazani, majirani wakitazama, na ukubwa wa boksi ndio ukubwa wa mapenzi. Mtoto wa nyumba yenye boksi lazima aonekane mashavuni. Kila nikipiga simu ya picha nikikwambia, "Hebu mgeuze nimuone mashavu." Nikiyaona yamejaa nacheka, na boksi linalofuata naliongeza.

Ulinambia. Sitaki nife ukidhani nimesahau kuwa ulinambia. Ulisema, "Da Zuhura, mtoto anatweta akienda kisimani tu, na muuguzi wa kituoni kasema tuachane na vitamu, tumrudishe kwenye chakula cha nyumbani." Ukaanza kumpikia uji wa mtama asubuhi, na mchana muhogo, kunde, matembele na samaki wa kuchoma. Nami nilikujibu nini? Nilikwambia, "Usimlishe somo yangu chakula cha njaa, watu watasema tumekutupeni." Mwezi ule ule ukanambia uji umeuacha. Ulinitii kwa kuwa mie ni mkubwa wako na mie ndiye niliyesoma. Muuguzi yule alikwambia haki, na mimi ndiye niliyekutoa kwenye haki.

Juzi nimempigia yeye mwenyewe. Nikamwambia kwa mazoea, "Nigeuzie uso, somo yangu." Akaziba simu kwa kiganja, nikaona kiza.

"Sitaki, Bibi."

"Kwa nini mwanangu?"

"Hivi hivi."

"Umegombana na nani?"

Akasema, "Skuli wananiita Boksi. Tukienda mbio wakinipita husema, hilo Boksi la Omani limekwama bandarini." Akacheka kidogo, nadhani ili nisiudhike mimi. "Na nyumbani wenzangu wanakula biskuti, mie tangu nipimwe napewa muhogo peke yangu, kama nimefanya makosa."

Nimewahi kujibu maswali ya wazazi wa skuli nzima, na mtoto mmoja kanimaliza.

Boksi la Ramadhani lilikuwa limeshafungwa na kupelekwa Rusayl, kwa mtu anayesafirisha mizigo. Siku ya pili tukitoka spitali, tulipofika Wattaya kwenye maduka ya magari, nikamwambia Nassor asigeuze kwenda nyumbani, anipeleke Rusayl.

"Mama, umetoka kwenye mashine sasa hivi. Kuna nini Rusayl?"

"Kuna boksi langu."

"Boksi lipo salama, lishapimwa."

"Nipeleke, Nassor. Sina safari nyingi zilizobaki za kukuomba."

Akanipeleka, akinuna. Ghala ile ina joto, mabati matupu, na maboksi yamepangwa mpaka juu, kila moja limeandikwa jina la mji: Wete, Konde, Micheweni. Msimamizi ni mtu wa Wete, mcheshi. Nilipomwambia alikate kamba boksi langu, akanitazama kwenye kiti changu cha magurudumu, akasema, "Bibi, huu mwezi watu wanakuja kuongeza. Wewe waja kupunguza?"

"Nakuja kupunguza."

"Basi huyo anayepelekewa kakukosea sana!"

Vijana wa mizigo wakacheka. Nikamwambia, "La. Mimi ndiye niliyemkosea." Wakaacha kucheka, wakalifungua.

Niliketi pale nikaonyesha kwa kidole: hilo toa, na hilo, na hilo. Kila kopo lililotoka Nassor alizidi kukunja uso. Zikabaki khanga zako, viatu vya watoto vya skuli, miswala na dawa ya goti. Yule mtu wa Wete akasema boksi halikujaa, litabonyea njiani, bora tutie kitu. Nikamwambia alete boksi dogo.

"Dogo hivi? Likifika watu watafikiri kwenu kuna msiba."

Hapo Nassor akashindwa kuvumilia. "Mama, unataka watu waseme tumewatupa?"

Asha, lilikuwa neno langu lile lile, kwa sauti yangu, limo kinywani mwa mwanangu. Nimemsomesha mpaka akawa mhandisi, na hilo pia nimemfundisha. Nikamwambia, "Waache waseme, mie nimeshachoka kuwaogopa." Akafunga boksi kwa mkono wake mwenyewe. Njia nzima mpaka Qurum akawapigia honi wenye magari wote. Usiwe na hasira naye. Anapenda kwa namna niliyomwonyesha.

Basi boksi dogo litakufikia. Nakuomba usilifiche. Usimtume mtu akalichukue jioni. Lipokee mchana, lifungue barazani kama siku zote, na wakikutazama kwa jicho la huruma waambie dada yako ndiye aliyelipunguza, na kwa nini. Wasomee barua hii wakitaka. Nyumba nyengine hapo zina maboksi makubwa kuliko letu, na watoto wao nao wanaanza kutweta. Hawana wa kuwaambia, kwa kuwa kila mtu anaona haya kama nilivyoona mimi. Nitangulie mimi kuaibika. Mie aibu hiyo haitanifika, nitakuwa nimeshakwenda zangu.

Na muhogo asile peke yake. Kama ni uji wa mtama, uwe wa nyumba nzima. Kama ni majimbi na pweza, sinia moja, wote mkono mmoja. Konde ya mama ilimeni tena. Wewe ulitaka kuilima, mimi ndiye niliyekwambia "kwani mna njaa?" Sukari ya mtoto daktari kasema inaweza kutulizwa ikiwa mtashikamana, na dawa asiziache. Yangu imeshapita huko.

Ninalo moja la mwisho, nalo ni wasia. Nikifa mtanisomea hitma hapo kijijini, najua, na Nassor ataleta fedha ya pilau na soda za kugaiwa. Usikubali. Pikeni muhogo wa nazi, kunde na samaki, na maji ya dafu. Watanong'ona kuwa Bi Zuhura wa Maskati kasomewa hitma ya kimasikini. Waache wanong'one. Mtoto wetu awaone watu wazima wote, na shehe, na matajiri wa kijiji, wanakula kile alichoambiwa ni chakula cha njaa, tena kwa heshima.

Nisalimie kaka yetu mkubwa, umwambie macho yake ayatunze. Msalimie mkwe wako mama yake Zuhura, ambaye hajawahi kunijibu neno hata nilipostahili. Wasalimie mashoga zetu wa chuo cha Kurani waliobaki, na jirani yako Mize ambaye hana mtu Omani, na wanawe ndio wanaoshinda mbio skuli. Nassor anakusalimia, hata kama leo hajui kuwa anakusalimia.

Kwa somo yangu sipeleki salamu ya kuandika. Simwombi anisamehe, ni mtoto, hajui bado ninachoombea msamaha. Siku ya hitma muite akae karibu yako, hapo mbele wanapokaa wakubwa. Sahani ya kwanza mpe yeye, na wewe ule naye.

Dada yako,
Zuhura