Bwana Filimbi, Hesabu Ilitimia Bila Wewe

Mwaka umekatika, Baba, tangu moto ule wa mchana ukutenganishe nasi, na hasira haijatutoka. Tungependa kusema tumeshapoa, lakini uongo hukuupenda, basi hatutauanza leo.

Mtaa mzima ulikuita Bwana Filimbi. Ukitoka karakana yako ya kuchomelea, macho mekundu, filimbi shingoni, ulipita nyumba kwa nyumba: "Jamani, toeni pikipiki uchochoroni! Mchanga wa ndoo si wa kuzimia sigara!" Walikucheka. "Moto wenyewe uko wapi, Bwana Filimbi?" Nawe ulicheka nao, kisha ukazisogeza pikipiki mwenyewe. Mama akinung'unika kwamba chakula kimepoa, ulimjibu, "Zimamoto wako mbali, mke wangu, na fimbo ya mbali haiui nyoka."

Ulituwekea utaratibu. Filimbi ikilia, kila nyumba igonge mlango wa jirani wa kulia, imtoe, halafu wote uwanjani. Pale kila mtu amjibie jirani yake wa kulia: "Yupo!" Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza, haikuwa na wa kuigongea. Mama aliliona hilo mapema. "Na wewe nani atakujibia?" Ukacheka. "Mwenye filimbi atapoteaje, mama watoto?"

Mtungi wa gesi ulipolipuka dukani, mbele ya nyumba ya fundi cherehani, Mama alikuwa kazini na sisi wanao shuleni. Ulipuliza, majirani wakatoka. Ulimbeba mama yake fundi cherehani, asiyeweza kutembea, ukamkabidhi kwa majirani mlangoni, ukarudi kukagua vyumba vya nyuma. Uwanjani walijibiana: yupo, yupo, yupo. Wakakumbatiana. Wengine walipiga makofi, Baba, wewe ukiwa ndani.

Mama alifika mbio. "Mume wangu yuko wapi?" Wakatazamana. Fundi cherehani akasema, "Lakini dada, hesabu imetimia." Baba Mdogo hakungoja maneno. Alifunga kitambaa usoni, akaingia, akakukuta sakafuni, hatua chache kutoka mlango wa nyuma. Daktari alisema ni moshi, na kwamba ungewahiwa kidogo tu ungepona. Heri asingetuambia.

Leo kila mtu anakuita shujaa. Hata waliokucheka wanasema walijua tangu mwanzo kwamba wewe si mtu wa kawaida. Mwezi uliopita walikuja na adabu zao, wakatuambia nyumba ya mwisho sasa itatugongea sisi. Mama aliwashukuru, akawasindikiza hadi nje, akafunga mlango. Ndipo akalia kwa sauti: "Alihitaji mtu mmoja tu! Mtaa mzima, mmoja!"

Hatukuhitaji shujaa, Baba. Tulimhitaji mtu wa kurudi nyumbani.

Unakumbukwa na mkeo; binti zako wawili; mdogo wako, fundi magari, ambaye bado hapiti mbele ya lile duka; na mama yako mzazi, anayetuuliza kila mara kwa nini hakuna aliyekujibia.

Hatutakusahau kamwe. Popote tutakapohesabiwa, tutaanza na wewe.